Kuuliza Njia Si Aibu: Namna ya Kusafiri katika Miji Tusiyoizoea

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mjini Handeni mbele ya wanavikundi wa Handeni na Korogwe waliokuwa wakijiandaa kwa ziara za mafunzo nje ya nchi. Msemaji ni afisa maendeleo ya jamii mstaafu. Tumeichapa karibu yote kwa sababu wasomaji wengi wana watoto na ndugu walio safarini.



Mmeniomba niseme juu ya usafiri wa mijini katika nchi za watu. Nilipopewa mada hii nilicheka kidogo, maana nilijiuliza: je, kupanda basi nako kunahitaji mafunzo? Halafu nikawakumbuka watu watatu, mmoja wao ni mimi mwenyewe, nikaona kweli kunahitaji.

Nianze na mama mmoja wa huku kwetu. Jina lake nalihifadhi, ila mwenyewe ameniruhusu nisimulie. Mume wake alipelekwa India kutibiwa, naye akaenda kumuuguza. Nyumba ya wageni aliyofikia ilikuwa mbali na hospitali. Siku ya kwanza alikodiwa teksi. Siku ya pili teksi, ya tatu teksi. Dereva ni yule yule, na bei ilipanda kila siku. Mama hajui Kiingereza, wala lugha ya pale haijui. Fedha aliyopewa na ukoo, ambayo ilitokana na mbuzi waliouzwa, ilianza kuisha kabla mgonjwa hajapata nafuu. Ikafika siku akamwambia mumewe, "Kesho sitakuja, nitakuja keshokutwa." Mgonjwa akalala peke yake, hana wa kumpa maji kwa lugha yake.

Aliyemwokoa ni mfagizi wa pale alipolala. Yule mwanamke alimshika mkono, akampeleka mpaka kituo cha basi, akamwandikia namba ya basi kwenye kiganja kwa kalamu. Basi. Tangu siku ile mama alikuwa anatazama kiganja, anatazama kioo cha mbele cha basi, anapanda. Nauli ya basi ilikuwa sehemu ndogo sana ya ile ya teksi. Alimuuguza mumewe kila siku mpaka wakarudi wote wawili. Ndiyo maana nasema, namba haina lugha. Kujua kupanda basi kunaweza kuwa ndiyo tofauti ya kumwona mgonjwa wako na kutomwona.

KOSA LANGU LA NAIROBI

Mtu wa pili ni mimi. Mwaka 1997 nilitumwa Nairobi kwenye semina. Nilikuwa mtumishi wa serikali, nimevaa vizuri, nina mkoba. Mwenyeji wangu alikuwa ameniandikia barua kwamba nikifika mjini nipande gari la kwenda Kariokor, hapo si mbali, atanipokea. Mimi nikasema moyoni, Kariokor ni kama Kariakoo yetu, siwezi kulisahau. Na kweli majina hayo ni ndugu. Yote mawili yametokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.

Jua lilikuwa linazama. Utingo mmoja akawa anaita kwa haraka, mimi nikasikia "Kario", nikapanda. Gari likaenda, likaenda. Nilianza kuhisi kwamba safari imekuwa ndefu, lakini sikuuliza. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa mama mwenye mkoba, naongea Kiswahili, nitaonekana mshamba! Nikanyamaza mpaka mwisho wa njia. Tulikuwa Kariobangi, mbali sana na nilikotakiwa kushuka, na giza limeingia. Wakati ule simu ya mkononi sikuwa nayo.

Aliyenisaidia alikuwa muuza mandazi. Alinikalisha kwenye ndoo yake, akamaliza biashara yake, kisha akanipandisha gari la kurudi na kumwambia utingo, "Huyu mama ni mgeni, umshushe Kariokor, usimpitishe." Sikupotea kwa kukosa lugha, maana Kiswahili nilikuwa nacho kinywani. Nilipotezwa na kiburi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nilijifunza maana yake nikiwa nimekalia ndoo.

KABLA HUJAPANDA

Kutokana na hayo, napenda kuwapa mambo machache ya kushika. Tafadhali yaandikeni.

Kwanza, andika anwani ya mahali utakapolala, pamoja na namba ya simu ya mwenyeji, kwenye karatasi. Usiiache kwenye simu peke yake, kwa sababu chaji huisha na simu huibwa. Kama lugha ya pale ina maandishi yake, kama Kiarabu, mwombe mwenyeji akuandikie kwa maandishi hayo. Karatasi hiyo ukimwonyesha askari au muuza duka, haina haja ya maneno.

Pili, muulize mwenyeji, siyo dereva, maswali manne: Gari gani naenda nalo? Namba yake ngapi? Nauli yake kiasi gani? Nashukia baada ya alama gani, kanisa, msikiti, soko au daraja? Swali la nauli ni la muhimu. Mtu anayejua nauli hata akidanganywa, hudanganywa kidogo.

Tatu, tenga fedha za nauli mbali na fedha zako nyingine. Ziwe ndogo ndogo. Usifungue pochi yote kituoni. Pasipoti iwe mahali pake, mwilini, na nakala yake iwe kwenye begi.

Nne, safari ya kwanza ifanye mchana. Kama una kikao kesho asubuhi, leo mchana nenda ukapajue, kisha urudi. Gharama ni nauli mbili tu, lakini kesho utafika umetulia.

Tano, jihadhari na saa. Sisi tunasema saa mbili asubuhi, wao wameandika 8:00. Tiketi ikiandikwa 14:00 ni saa nane mchana. Namfahamu mtu aliyesoma 2:00 akadhani ni saa mbili, akafika kituoni usiku wakati basi lake lilikuwa limeondoka saa sita zilizopita. Ukiwa nje, saa ya mkononi isome kama ilivyoandikwa, na ukiulizia muda hakikisha mnaelewana.

KILA MJI NA DESTURI YAKE

Ndugu zangu, sisi hapa tumezoea desturi zetu. Ukitoka Handeni una lami ya kwenda Korogwe na lami ya kwenda Mkata. Gari unalijua, konda unamjua, pengine ni mtoto wa jirani. Ukifika Dar es Salaam mambo yanabadilika tayari. Wengi mlizoea kushukia Ubungo, lakini mwaka 2021 kilizinduliwa Kituo cha Magufuli kule Mbezi. Mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016 hayana konda wa kukudai nauli njiani, unalipa kabla ya kuingia. Kama Dar yenyewe hubadilika, sembuse ya watu?

Kenya, magari yao huitwa matatu, na njia nyingi za Nairobi zina namba. Kituo wanakiita steji. Nauli haina bei moja. Mvua ikinyesha au jioni watu wanapotoka kazini hupanda. Usigombane, ulizia kabla ya kukaa. Tangu mwaka 2004 sheria yao ilitaka kila abiria awe na kiti na mkanda, na magari yawe na mstari wa njano. Mombasa, wale mtakaopitia Horohoro, mtafika Likoni na kuvuka kwa feri. Anayetembea kwa miguu halipi. Mtu akikudai nauli ya feri na wewe unatembea kwa miguu, huyo si wa feri.

Uganda kuna mtego wa neno. Ukisema "teksi" Kampala, utaonyeshwa hiace ya abiria 14, ambayo ndiyo daladala yao. Gari dogo la kukodi wao huliita "special hire". Kwa hiyo Mtanzania akiambiwa "panda taksi," asiogope kwamba ni ghali. Kuhusu bodaboda, jina lenyewe lilianzia kule Busia mpakani, watu wakibebwa kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Bodaboda za Kampala ni nyingi na zina haraka. Patana bei kabla ya kupanda, dai kofia ngumu, na kama dereva amelewa, mwache aende zake. Kuchelewa kikao si msiba.

Rwanda, jambo la kwanza ni barabara yenyewe. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Oman, Ujerumani na Marekani vilevile kulia. Sisi tumezoea kutazama kulia kwanza tunapovuka. Kule gari la kwanza linatokea kushoto. Nawaomba sana, kabla hujaweka mguu barabarani, tazama pande zote mbili, kisha utazame tena. Hata basi lenyewe, mlango uko upande mwingine na utalisubiri upande mwingine. Wengi hupanda gari la kwenda kinyume kwa sababu hiyo tu.

Ulaya na Marekani, tofauti kubwa ni kwamba hakuna konda. Hakuna anayeita, hakuna anayekukumbusha. London basi halipokei fedha taslimu kabisa tangu mwaka 2014, unagusisha kadi kwenye mashine. Kituo chako kikikaribia unabonyeza kitufe. Usipobonyeza, na kama hakuna mwingine anayeshuka au kupanda, utapitishwa.

Ujerumani ninayo hadithi nyingine ya aibu yangu. Makanisa ya huku kwetu, Usambara na Korogwe, yana uhusiano wa siku nyingi na wenzao wa Ujerumani, na wengine mnaujua mji wa Wuppertal, ambako ni makao makuu ya umoja wa misheni wa UEM. Pale kuna treni ya ajabu, Schwebebahn, inayoning'inia chini ya reli na kupita juu ya mto. Ilianza kazi mwaka 1901, na njia yake ni kilometa 13 na kidogo. Mtu wa Korogwe aliyezoea treni ya kukaa juu ya reli akiiona mara ya kwanza husita kupanda. Panda tu, ni usafiri wa watu wote, wanafunzi na wazee.

Lakini kosa langu lilikuwa mji mwingine wa huko, mwaka 2009. Nilinunua tiketi kwa mashine, nikaiweka kwenye mkoba, nikakaa kwa raha zangu. Akaja mkaguzi. Nikampa tiketi. Akatikisa kichwa. Kumbe tiketi ile ilitakiwa igongwe muhuri kwenye kisanduku kidogo kabla ya safari kuanza! Isipogongwa ni kama huna. Nikatozwa yuro 40, na tangu mwaka 2015 faini hiyo imekuwa yuro 60. Nilitaka kulia. Lakini ukweli ni kwamba abiria wote waliotangulia walikuwa wakigonga tiketi zao mbele ya macho yangu, mimi sikutazama. Basi shikeni hili: ukifika kituo kigeni, usiwe wa kwanza kupanda. Simama pembeni, tazama watu watatu wanafanya nini, kisha fanya kama wao.

KWA MABINTI WANAOKWENDA KAZI UARABUNI

Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa wazazi. Wapo mabinti zetu wanaokwenda Oman na nchi jirani kufanya kazi za nyumbani. Wengine wanafikia kwa watu wema, wengine hawana bahati hiyo. Binti ambaye hajui nyumba yake iko mtaa gani, wala basi gani linapita barabara ya karibu, huyo hata akipata shida hana pa kwenda. Amefungwa bila kufungwa.

Kwa hiyo kabla hajaondoka, awe na anwani na simu ya Ubalozi wa Tanzania wa Muscat kwenye karatasi, na nyingine abaki nayo mama yake. Akifika, aulize jina la mtaa na aliandike. Muscat ina mabasi ya Mwasalat yaliyoanza njia zake za mjini mwishoni mwa mwaka 2015. Yana namba, na Ruwi ndiko yanakokutana mengi. Teksi zao za rangi ya chungwa na nyeupe hubeba pia abiria wa kuchangia. Ulizia bei kwanza na useme kama unachangia au unakodi peke yako. Na tusisahau kwamba Oman kuna watu wengi wenye asili ya Unguja na Pemba na mwambao wetu wanaosema Kiswahili. Binti akipotea, amsalimu mama mtu mzima kwa Kiswahili. Mara nyingi ataitikiwa.

Mwajiri akisema pasipoti ataihifadhi yeye, binti ajue kwamba hati ile ni yake. Hili si la usafiri wa basi, lakini bila hati hakuna safari ya kurudi.

NDUGU ZETU WA CHOGO NA MAREKANI

Mtu wa tatu niliyemkumbuka si mmoja, ni watu wengi. Katika karne ya 19 watu wa nchi hii ya Wazigua waliuzwa utumwani hadi Somalia. Vizazi vyao vilikaa kando ya mto Juba, na wengi wakaendelea kusema Kizigua. Vita ilipoanza Somalia mwaka 1991 walikimbia tena. Baadhi walirudi kwetu, wakapokelewa Mkuyu na baadaye Chogo, hapa hapa wilayani Handeni. Wengine walibaki Kenya katika makambi ya Dadaab. Mwaka 2002 wakasafirishwa hadi Kakuma, na kuanzia mwaka 2003 maelfu wakapelekwa Marekani.

Fikirini, mkulima wa kando ya mto, ambaye hajapata kuona ngazi za ghorofa, anafikia Pittsburgh au Burlington wakati theluji inaanguka. Pale Kakuma walipewa masomo ya maisha ya huko. Na walipofika, moja ya mambo ya kwanza waliyofundishwa na mashirika yaliyowapokea, mengi yakiwa ya kidini, ni kupanda basi. Kule basi likikaribia kituo unavuta kamba au kubonyeza kitufe. Kama unalipa fedha taslimu uwe na kiasi kamili, maana kwa kawaida dereva harudishi chenji. Kwa nini waanze na basi? Kwa sababu bila basi hakuna kazi, hakuna hospitali, hakuna sokoni. Mtu anayesubiri kubebwa kila siku bado hajafika.

Leo watoto wa watu hao wanaendesha magari yao katika miji ile, na wazazi wao bado wanaongea lugha ya babu zetu. Kama wao waliweza, ninyi mliosoma, mnaojua namba, mnaokwenda Kampala kwa wiki moja, mtashindwaje?

NA WAGENI WETU JE?

Ndugu mwenyekiti, namalizia na jambo ambalo linanikera. Tumesema juu ya sisi kuwa wageni. Tuulizane, mgeni akishuka stendi ya Korogwe au ya hapa Handeni, anapokelewa vipi? Wapiga debe wanne wanamvuta begi, kila mmoja upande wake. Anatajiwa nauli mara mbili ya ile tunayolipa sisi. Bodaboda anamzungusha mitaa mitatu kufika nyumba ambayo angeiona kwa macho. Na sisi tumesimama pale tunatazama, wengine tunacheka.

Mimi nilikalishwa kwenye ndoo na muuza mandazi wa Kariobangi ambaye hakunijua na hakunidai hata senti. Yule mfagizi wa India hakuwa na lugha moja na mama yetu, lakini alimwandikia namba kiganjani. Deni hilo hatuwezi kuwalipa wao. Tutalilipa hapa, kwa mgeni wa kwanza tutakayemwona ameshika begi huku anatazama huku na huku. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Haiwezekani mwenyeji apone wakati mgeni anaibiwa.

Kwa hiyo naomba vikundi vyenu mfanye mambo mawili. La kwanza, kila anayerudi safari aandike kwenye daftari la kikundi: nilipanda gari gani, namba gani, nauli kiasi gani, nilikosea wapi. Atakayefuata asirudie kosa lile lile. La pili, wale wenye vijana wa bodaboda na wapiga debe, zungumzeni nao. Mgeni atajiwe nauli ya kweli.

Yule mama wa India yupo hapa ukumbini, amekaa nyuma kule. Nilipomwuliza anataka niwaambie nini, alisema, "Waambie wabebe kalamu." Basi bebeni kalamu. Mwende salama, na mrudi mtusimulie.